Cannes, mji uliopata bahati kwa karantini

Tangu Januari 1, 2026, meli za utalii zenye abiria zaidi ya 1,000 haziruhusiwi kuingia bandari ya Cannes, pwani ya kusini mwa Ufaransa, na wanaoshushwa kwa siku wasizidi 6,000. Kampuni za meli zimelalamika. Inafaa ikumbukwe kwamba mji huu wenyewe ulianza kujulikana kwa sababu mgeni mmoja alizuiwa kwa jirani.

Ilikuwa Desemba 1834. Lord Henry Brougham, aliyekuwa Lord Chancellor wa Uingereza wakati bunge lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1833, alikuwa akimpeleka Italia binti yake mgonjwa, Eléonore-Louise. Kipindupindu kilikuwa kimeingia Provence. Walipofika mto Var, mpaka wa Ufaransa na Ufalme wa Sardinia uliokuwa ukiitawala Nice, walinzi wakawakatalia kuvuka. Cheo hakikumfaa kitu. Akageuza gari la farasi, akaomba malazi Cannes, kijiji cha wavuvi ambacho matajiri walikipita tu njiani. Masimulizi ya huko husema alikaribishwa kwa mchuzi wa samaki, akaupenda.

Jua la pale, katikati ya majira ya baridi, alilipenda zaidi. Akanunua ardhi, akajenga jumba na kulipa jina la binti yake. Binti alifariki mwaka 1839, lakini baba aliendelea kurudi kila msimu wa baridi hadi alipofia hukohuko mwaka 1868. Marafiki zake walimfuata, wakajenga. Alimshawishi hata Mfalme Louis-Philippe atoe fedha za kujenga bandari.

Reli ilifika mwaka 1863. Wageni walikuja wakati wa baridi, wengi kwa ushauri wa madaktari wa mapafu. Kuoga baharini kiangazi kulikuja kupendwa miaka ya 1920. Tamasha la filamu lilianza mwaka 1946.

Brougham amewekewa sanamu mjini. Kuhusu meli, kwa maoni yangu baraza la mji limefanya sawa kuziwekea kikomo. Wageni wa zamani walikaa miezi, wakanunua samaki wa wenyeji na kuajiri mafundi wao. Abiria wa meli kubwa walikuwa wakishuka asubuhi kwa maelfu, wakijaza vichochoro vya Le Suquet, mtaa wa kale wa mji, kisha jioni wakirudi kula na kulala melini.