KUTOKA GUNIA LA KERIA HADI KITI CHA PIKIPIKI
Historia fupi ya vitu vidogo katika safari za Kasulu na Kibondo

Ndugu zangu tuliosoma hapa, nanyi wadogo zetu mlioko madarasani,

Kila tunapokutana shuleni mazungumzo yetu huishia kwa walimu, mpira na maharage ya bwaloni. Mara hii naomba mniwie radhi nizungumzie kitu kidogo zaidi, yaani keria ya baiskeli. Wengi wetu tuliotoka vijijini tuliingia kidato cha kwanza kwa msaada wa keria. Sanduku la bati lilifungwa nyuma kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, baba au kaka akasukuma baiskeli mlimani, nasi tukafuata kwa miguu. Penye mteremko ndipo tuliporuhusiwa kupanda, tena juu ya sanduku. Bati lilikuwa la moto, na kila jiwe la barabara tulilitambua kwa makalio.

Katika safari yangu ya pili kaka yangu alikunja gunia la katani mara nne, akalifunga juu ya sanduku. Hakusema neno. Nilifika shuleni bila kuchechemea. Gunia lile ndilo mada yangu ya leo.

Kabla ya injini

Vitabu vyetu vya historia vilitufundisha habari za misafara ya Ujiji na za Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914. Havikutuambia mgonjwa wa milimani alifikaje kwa mganga. Alibebwa na watu. Majirani zetu wa Burundi hukiita ingobyi kile kitanda cha kusuka kinachochukuliwa mabegani na wanaume wanne, wakipokezana na wenzao njiani. Kazi hiyo ilikuwa nzito, lakini ilikuwa na sifa moja ambayo nitairudia mwishoni: mgonjwa alilala.

Baiskeli nayo haikuzaliwa laini. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, alitengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, kwa kuwa magurudumu ya mpira mgumu yalimtikisa mno mtoto barabarani. Basi wale wanaodhani kwamba starehe ni anasa tu wakumbuke kwamba tairi linalobeba dunia nzima leo lilitokana na huruma ya mzazi kwa mtoto aliyetikiswa.

Kwetu, haja ya keria imara iliongezeka baada ya Operesheni Kigoma ya mwaka 1972. Watu walihamishiwa katika vijiji vya kando ya barabara, na wengi mashamba yao yakabaki mbali. Mihogo, maharage na ndizi vikasafiri kwa baiskeli. Kisha, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kulikuwa na uhaba wa kila kitu, vipuri vikiwamo. Hapo ndipo mafundi wetu walipoonyesha akili zao. Pedali ilichongwa kwa mti, breki ikakatwa kutoka kipande cha tairi la gari, keria ikaunganishwa kwa chuma chochote kilichopatikana. Mwaka 1984 Serikali iliporuhusu wafanyabiashara kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, vipuri vilianza kurudi madukani, lakini ujuzi wa kubuni ulikuwa umekwisha kuota mizizi.

Mto uliozaa kazi

Hapana budi tutoke kidogo nje ya mkoa wetu. Katika miaka ya 1960, huko Busia kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, wenye baiskeli walianza kuvusha watu na mizigo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Neno bodaboda limetokana na Kiingereza cha mpaka huo. Jambo lililogeuza baiskeli ya mzigo kuwa chombo cha abiria halikuwa mashine mpya. Lilikuwa mto, yaani kiti kidogo chenye kujazwa kitu laini, kilichofungwa juu ya keria. Mto ule ndio uliomfanya mtu akubali kulipa nauli. Nilipolisoma jambo hili nililikumbuka gunia la kaka yangu, nikajua kwamba wazo moja laweza kuzaliwa mahali pengi bila mwenye nalo kuandikwa popote.

Pikipiki na viungo vyake

Pikipiki za kwanza tulizozizoea zilikuwa za kazi. Mojawapo ya zilizoenea Afrika ni Yamaha AG100, iliyobuniwa kwa ajili ya wafugaji wa Australia na New Zealand. Ilikuwa na keria mbele na nyuma, vyuma vya kukinga injini, boksi la kufunika cheni ili lisiingie tope, na stendi pande zote mbili. Yeyote aliyewahi kusimamisha pikipiki kando ya barabara yenye mteremko ataelewa faida ya stendi ya pili.

Kisha, katika miaka ya 2000, pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zikafika kwa wingi. Mwaka 2010 zilitolewa kanuni za kutoa leseni kwa pikipiki na bajaji kubeba abiria. Kuanzia hapo fundi wa kuchomelea na fundi wa kushona viti walipata kazi isiyokwisha. Kiti huongezwa sponji na kuvikwa ngozi bandia isiyopitisha mvua. Keria hutengenezwa kwa nondo. Kipande cha mpira hutundikwa chini ya madigadi kuzuia tope. Mbele huwekwa kinga ya miguu na ya upepo, maana asubuhi za kiangazi huku juu baridi yake si ya mchezo.

Yafaa wanafunzi wa fizikia wazingatie jambo moja. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, gurudumu la mbele hupungukiwa uzito, na usukani hukosa nguvu, hasa mlimani. Kadhalika kiti kikirefushwa kwa nia njema ya kumpa abiria nafasi, kesho yake hupandishwa wawili au watatu, ndiyo mishikaki tunayoiona kila siku. Kwa hiyo kifaa cha starehe kisichopimwa vizuri huweza kugeuka chanzo cha ajali.

Kitenge cha shangazi

Sasa nieleze kwa nini nimechukua kalamu. Miaka kadhaa iliyopita shangazi yangu alipanda pikipiki akitoka sokoni, amekaa upande kama akina mama wengi wafanyavyo. Kitenge chake kilishikwa na gurudumu la nyuma, akaanguka, akavunjika mguu. Hadi leo hatembei sawasawa. Dereva alikuwa kijana mwangalifu, wala hakuwa akienda mbio.

Nilipouliza-uliza nikagundua kwamba ugonjwa huo una dawa ya zamani. Nchini India, ambako wanawake huvaa sari na kukaa upande, Kanuni ya 123 ya Kanuni za Magari za mwaka 1989 inataka pikipiki iwe na mahali pa abiria kushika, mahali pa kukanyaga, na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo isinaswe. Pikipiki nyingi tunazopanda zinatoka India hiyohiyo. Lakini si kila moja hutufikia ikiwa na kinga hiyo, na nyingine hung'olewa ili kupisha mzigo. Kinga yenyewe ni vyuma vichache vilivyopindwa. Mwanafunzi yeyote aliyejifunza kuchomelea aweza kuitengeneza.

Na sasa nairudia ingobyi. Tumeachana na mabega ya watu wanne, tukapata mwendo, lakini mgonjwa hakulala tena. Mama mjamzito hukalishwa kati ya dereva na ndugu yake ili asianguke, naye hutikiswa hadi hospitali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika wilaya ya Mangochi nchini Malawi, vituo vya afya vilipewa pikipiki zenye kitanda kilichounganishwa pembeni, zikatumika kuwapeleka akina mama hospitali. Ni wazo lilelile la wazee wetu, ila limetiwa injini.

Ndugu zangu, lami inazidi kuenea kati ya Kasulu na Kibondo, lakini njia za vijijini bado ni zilezile za mawe na vumbi. Tunachangia mengi kila mwaka. Naomba safari hii tuchangie vyuma, mashine ya kuchomelea na mwalimu wa ufundi, ili vijana wetu watengeneze kinga za gurudumu na kuwafungia madereva wa hapa jirani. Mimi nitatoa vyuma vya kinga kumi za kwanza. Ya kwanza ifungwe kwenye pikipiki ya yule kijana aliyembeba shangazi. Bado anaendesha, na shangazi bado anapanda kwake.