Uchaguzi Usio na Fomu: Kidato cha Tatu na Hatima ya Tahasusi

Machi 2024 Serikali ya Tanzania ilitangaza tahasusi mpya 49 za kidato cha tano, na jumla yake ikafikia 65. Ziliongezwa za lugha, sanaa, michezo na hata elimu ya dini, na waliohitimu kidato cha nne mwaka 2023 wakaruhusiwa kurudi kwenye mfumo wa TAMISEMI kubadilisha machaguo yao. Mjadala uliofuata ulijikita katika wingi huo. Walimu watatoka wapi? Shule gani itafundisha tahasusi ipi? Maswali hayo ni ya haki, ila yanaanzia mbali na chanzo. Makala haya yanadai kwamba uamuzi mzito kuliko yote katika safari ya mwanafunzi wa sekondari nchini hauandikwi kwenye Selform, fomu ya machaguo ya kidato cha tano. Hufanyika mwanzoni mwa kidato cha tatu, anapoacha Fizikia na Kemia, na kwa kawaida hufanyika bila fomu, bila mzazi na bila mtu wa kumweleza anachokiacha.

Kwa mtaala uliowalea wahitimu wote wa karibuni, masomo ya lazima hadi kidato cha nne ni saba: Hisabati, Kiingereza, Kiswahili, Biolojia, Historia, Jiografia na Uraia. Fizikia na Kemia husomwa na wote kwa miaka miwili, kisha huwa ya hiari. Katika shule nyingi za kata hiari hiyo humalizika asubuhi moja. Matokeo ya upimaji wa kidato cha pili yametoka, mwalimu wa taaluma anaingia na orodha, majina yanasomwa: hawa sayansi, hawa sanaa, hawa biashara. Madawati yanahamishwa. Aliyepata F ya Fizikia hapewi nafasi ya kujieleza. Aliyepata D huambiwa achague mwenyewe, naye humfuata rafiki yake. Kufika jioni, mtoto wa miaka kumi na sita amekwisha kujifungia taaluma ambazo hajawahi hata kuzisikia zikitajwa.

Tuangalie anachokipoteza. Shahada ya udaktari wa tiba hudai Fizikia, Kemia na Biolojia za kidato cha sita, zote tatu. Uhandisi hudai Fizikia na Hisabati ya juu. Hayo yanajulikana kwa wengi, na ndiyo yanayowafanya walimu waseme kwamba mwanafunzi wa wastani hapotezi kitu, kwa kuwa udaktari hakuwa nao tangu mwanzo. Hoja hiyo inasahau ngazi ya kati. Stashahada ya utabibu, ambayo mtu huiendea moja kwa moja kutoka kidato cha nne, huhitaji ufaulu katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwamo Kemia, Biolojia na Fizikia au Sayansi ya Uhandisi. Ufaulu huo ni D tu, yaani alama 30 kwa mia. Kwa kijana asiyetarajia kufika kidato cha tano, D ya Fizikia ina thamani kuliko C ya Historia, kwa sababu C hiyo haimfungulii chuo chochote cha afya. Wengi huligundua hili wakiwa wamekwisha kumaliza shule, wakiusoma mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, kwenye simu ya jirani, na anayetaka kurudi nyuma hulazimika kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea na kulipia masomo ya ziada katika kituo kisicho na maabara.

Mtetezi wa utaratibu wa sasa atasema mwanafunzi anaacha Fizikia ili asiharibu daraja lake. Hesabu haimuungi mkono. Baraza la Mitihani hukokotoa daraja kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, D ni 4 na F ni 5, na daraja la tatu huishia pointi 25. Mwenye masomo saba tu hubebeshwa yote saba, ikiwamo F ya Hisabati, ambayo ni ugonjwa wa kudumu wa shule zetu. Mwenye tisa huhesabiwa saba bora. Kwa hiyo D ya Fizikia haiwezi kumshusha mtu daraja, na pengine humwokoa kwa kuchukua nafasi ya F. Zipo gharama nyingine, nazo ni za kweli: muda wa kujisomea hugawanyika, na anayeelemewa na masomo tisa huenda akayumba katika yote. Hata hivyo, hilo ni suala la kupimwa kwa mwanafunzi mmoja mmoja, na orodha inayosomwa mlangoni haiwezi kulipima.

Anayenufaika waziwazi na F chache ni shule. Tangu mwanzoni mwa 2023 Baraza limeacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, hatua niliyoiona ya busara, lakini taarifa ya matokeo ya kila kituo bado huonyesha wastani wa kila somo. Mkuu wa shule huitwa kwenye kikao cha wilaya akaulizwa kwa nini Fizikia iko chini. Njia rahisi ya kuipandisha ni kupunguza wanaoifanya. Simlaumu mkuu huyo sana, maana anapimwa kwa kipimo kinachomlipa kwa kuwaondoa watoto darasani. Na mwalimu wa Fizikia, pengine akiwa peke yake kwa shule nzima, huona nafuu kufundisha ishirini kuliko mia na ishirini. Kampeni ya maabara iliyovuma 2014 na 2015 iliacha majengo mengi, mengine yakiwa na meza na mabomba makavu.

Hapa ndipo tahasusi 65 zinapohitaji kutazamwa upya. Kwa aliyebaki na masomo yote, ni upana wa kweli. Kwa aliyeacha Fizikia na Kemia, sehemu kubwa ya orodha hiyo imefutwa kabla hajaiona, na asichokijua ni kipi kimefutwa. Hata aliyeacha Fizikia peke yake hutatizika, na mfano wa wazi ni CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia). Kila mwaka wapo wanaoichagua wakidhani ni PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) iliyopunguzwa makali, kwamba Jiografia imekaa pale pa Fizikia na mwisho wa safari ni hospitali ileile. Inaweza kumfikisha kwenye kilimo, mazingira au ualimu, na hizo ni kazi za heshima. Kwenye udaktari wa tiba haifiki. Aliyeichagua kwa kujua hana tatizo. Aliyeichagua kwa kukosea husubiri miaka miwili ndipo aambiwe na mfumo wa udahili kwamba hana sifa.

Mitaala iliyoboreshwa, iliyoanza kutekelezwa Januari 2024, inauvuta uamuzi huu mapema zaidi. Sekondari ya chini sasa ina mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na mtoto huukuta mgawanyo huo anapoingia kidato cha kwanza. Siipingi amali. Taifa lililokuwa na michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu tangu miaka ya 1970 halina sababu ya kuiogopa, na fundi umeme mwenye cheti hupata mkate wake mapema kuliko wenye shahada wengi. Hofu yangu ni juu ya utaratibu. Wenzetu wa Kenya waliwapeleka wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi gredi ya kumi Januari 2026, wakiwa wamegawanywa katika njia tatu walizozichagua wakiwa gredi ya tisa. Ubora wa mgawanyo huo ni mjadala mwingine, lakini uamuzi wenyewe ulikuwa hadharani, nyumba nzima ikiujua na kuubishania.

Kinachohitajika kwetu hakidai bajeti kubwa. Mwanafunzi asiache somo la sayansi kabla yeye na mzazi wake hawajasaini karatasi inayotaja, kwa Kiswahili cha kawaida, kozi za cheti, stashahada na shahada anazozifunga kwa kuliacha. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) na NACTVET hutoa miongozo ya udahili kila mwaka, na zinaweza kuongeza ukurasa mmoja ulioandikwa kwa ajili ya kidato cha pili. Kipimo cha shule nacho kihesabu waliofaulu Fizikia kati ya wote walioandikishwa kidato cha kwanza, ili kuwaondoa watoto kusiwe tena na faida.

Muda si mwingi. Walioanza darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027, sambamba na darasa la saba la mwisho, na makundi hayo mawili yataingia kidato cha kwanza pamoja Januari 2028, wengi wao wakiwa na miaka kumi na miwili au kumi na mitatu. Wakuu wa shule wasingoje waraka: karatasi hiyo wanaweza kuichapa wenyewe muhula huu.