Historia ya dunia imepita Songea

Kijana wa Songea unayeanza historia chuoni mwaka huu, usidhani somo la historia ya dunia ni la Ulaya peke yake. Nenda Makumbusho ya Majimaji, pale Mahenge. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa 67 mjini kwenu.

Jiulize walifuata nini. Viwanda vyao vilitaka pamba, na watu wa kusini wakalazimishwa kuilima. Julai 1905 Wamatumbi wakaing'oa, na vita vikasambaa mpaka Ungoni. Miaka hiyohiyo Wajerumani walikuwa wakiwaangamiza Waherero kule Namibia. Kwetu walichoma mashamba na maghala. Njaa ikaua kuliko risasi.

Sasa tazama nani alisimulia. Gavana Götzen aliandika kitabu akiwalaumu waganga, kana kwamba watu hawakuwa na dhulma ya kuikataa! Sisi tuliozoea kuuliza isnadi ya hadithi, tutapokeaje habari hii kwa mdomo wa mnyongaji tu? Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam, vijana kama wewe, walikwenda vijijini kuwauliza wazee waliokumbuka vita. Mapunda na Mpangara wakaandika juu ya Ungoni, kikatoka kitabu mwaka 1969.

Wazee wale wametangulia mbele ya haki. Wajukuu wao ndio wazee wa leo. Likizo hii kaa na babu yako, andika anachosema, na umuulize: wewe ulisikia kwa nani?