Modeli za Meli za Mbao: Uundaji kwa Seti za Vipande

Uundaji wa modeli za meli kwa seti za vipande ni ufundi wa kutengeneza umbo dogo la chombo cha baharini, kwa kawaida cha matanga, kwa kutumia mbao, kamba na viungo vya chuma vilivyotayarishwa kiwandani na kufungashwa pamoja na michoro na maelekezo. Hutofautiana na uundaji wa tangu mwanzo, ambao fundi hujikatia kila kipande kutoka kwenye gogo au ubao mtupu, na hutofautiana pia na modeli za plastiki, ambazo ganda lake huwa limekwisha kufinyangwa. Katika seti nyingi za mbao, umbo la meli halimo ndani ya kasha. Muundaji ndiye anayelijenga ubao mmoja baada ya mwingine, na kwa sababu hiyo hujifunza kwa mikono yake jinsi vyombo vya mbao vilivyoundwa.

Historia

Modeli zenyewe ni za kale mno kuliko seti. Katika kaburi la Meketre, afisa wa Misri ya kale aliyeishi takriban miaka 2000 kabla ya Kristo, wachimbuaji wa mwaka 1920 walikuta mashua ndogo za mbao zikiwa na wapiga makasia wake. Huko Uingereza, kuanzia karne ya 17, ziliundwa modeli za meli za kivita zilizopimwa kwa uangalifu, aghalabu kwa uwiano wa 1:48, ambazo sehemu ya chini ya ubavu iliachwa wazi bila kupigwa mbao ili mataruma, yaani mbavu za chombo, yaonekane. Wakati wa vita kati ya Uingereza na Ufaransa vya miaka ya 1793 hadi 1815, wafungwa Wafaransa walichonga meli kwa mifupa iliyobaki katika chakula chao na kuziuza.

Seti za biashara zilienea katika karne ya 20. Nyingi kati ya zile za awali zilikuwa na gogo moja lililochongwa kwa makadirio, ambalo mnunuzi alilimalizia kwa patasi na msasa akifuata vipimo vya karatasi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia yalichipuka makampuni kadhaa, miongoni mwao Model Shipways ya Marekani, iliyoanzishwa 1946, na Billing Boats ya Denmark, iliyoanzishwa 1958, huku Italia na Hispania zikiwa vituo vikubwa vya utengenezaji. Ukataji kwa miale ya leza, uliokuja baadaye, uliwezesha vipande vya plaiwudi kuingiana bila kuhitaji tupa nyingi.

Michoro na skeli

Thamani ya seti hutegemea mchoro uliotumika kuibuni. Kwa meli za Ulaya na Marekani michoro mingi ya asili imehifadhiwa: Fredrik Henrik af Chapman wa Sweden alichapisha mkusanyo mashuhuri wa michoro ya vyombo mwaka 1768, na mwanahistoria Howard Chapelle wa Marekani alichora upya vyombo vingi vya nchi yake, michoro ambayo imekuwa msingi wa seti kadhaa. Seti iliyobuniwa bila utafiti wa aina hiyo huweza kuwa nzuri machoni na ikapotosha historia.

Skeli ni uwiano kati ya kipimo cha modeli na kile cha chombo halisi. Meli ya Uingereza HMS Victory, iliyoshushwa majini 1765 na ambayo sitaha yake ya mizinga ina urefu wa karibu meta 57, huwa na ganda la takriban sentimeta 79 kwa skeli ya 1:72. Skeli kubwa huruhusu maelezo mengi lakini hudai nafasi. Skeli ndogo hulazimisha kuacha baadhi ya viungo, kwa kuwa kamba ya unene halisi ingekuwa nyembamba kuliko uzi.

Hatua za uundaji

Njia iliyoenea zaidi hutumia mkuku bapa wa plaiwudi, uti wa modeli unaotoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), ambao hupachikwa viwambo vilivyokatwa kwa umbo la mkato wa meli. Viwambo hivyo hushika nafasi ya mataruma, lakini ni vichache mno kuliko mataruma ya meli ya kweli; wanaotaka uaminifu kamili huchagua seti ambazo kila taruma huundwa peke yake. Baada ya gundi kukauka, kingo za viwambo hupigwa msasa kwa mshazari hadi ubao mwembamba uweze kulala juu yake bila kuacha pengo. Hatua hii huamua mafanikio ya zote zinazofuata, kwani kosa la kiwambo kimoja hujitokeza katika ubavu mzima.

Upigaji mbao ndio moyo wa kazi. Kwa kuwa mzingo wa ganda ni mkubwa katikati na mdogo kwenye omo, kila ubao hupunguzwa upana kuelekea mbele, huloweshwa kwa maji ya moto, kisha hukunjwa. Kwenye tezi, ambako nafasi hupanuka, huongezwa vipande vyenye ncha kali. Mbao hupigwa kwa zamu kulia na kushoto ili mkuku usipinde. Seti nyingi huwa na tabaka mbili: la kwanza la mti laini linalotoa umbo, na la pili, jembamba, la mti wa jozi au mpea linaloonekana. Katika sitaha, penseli hupitishwa kwenye kingo za mbao kuwakilisha kalafati, yaani ujazaji wa nyuzi na lami kati ya mbao.

Mwisho huja milingoti, foromali, yaani miti inayobeba matanga, na kamba. Kamba za kudumu hushikilia milingoti, ilhali kamba za kuendeshea, kama henza inayopandisha foromali na demani inayoongoza tanga, hupita katika makapi madogo. Uzi hupakwa nta ya nyuki ili usitoe manyoya, na mafundo ya ngazi za kamba hufungwa moja moja kwa kibano. Anayeanza hushauriwa kuchagua chombo cha mlingoti mmoja, kwani meli yenye milingoti mitatu huweza kuchukua miaka.

Bahari ya Hindi

Nchini Mauritius, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, karakana zimekuwa zikiunda modeli kamili kwa mkono kwa ajili ya kuuzwa. Vyombo vya pwani ya Afrika Mashariki na Uarabuni, hata hivyo, ni adimu katika seti, na sababu iko katika namna vinavyoundwa: fundi wa jahazi hufanya kazi kwa jicho na uzoefu bila mchoro wa karatasi, kwa hiyo mbunifu wa seti hana budi kupima chombo chenyewe. Ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa François-Edmond Pâris (1806–1893) alifanya hivyo kwa vyombo vya Waarabu na watu wengine, na baadaye akaongoza uundaji wa modeli kutokana na vipimo vyake.

Umuhimu wa kazi hiyo unadhihirika kwa mtepe, chombo cha pwani kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila misumari na kilichotoweka mwanzoni mwa karne ya 20, ambacho leo hujulikana kwa picha, maandishi na modeli. Jahazi linaloundwa leo linaweza kupimwa angali lipo. Seti iliyobuniwa kwa vipimo hivyo ingempa kijana wa pwani elimu ya taruma na mkuku wa chombo cha kwao, kama vile seti za meli za Ulaya zinavyowapa wengine elimu ya vyao.