Kijito chenye Kutu huko Colorado

Leadville, mji wa Colorado nchini Marekani ulio zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, ulifurika wachimbaji wa fedha mwishoni mwa miaka ya 1870. Bei ya fedha ilipoanguka mwaka 1893, wengi waliondoka. Mashimo yalibaki.

Katika mashimo kama hayo, maji na hewa vikikutana na mawe yenye chuma na salfa, asidi hutokea, nayo hubeba chuma hadi mtoni. St. Kevin Gulch, kijito kilicho jirani na mji huo, kina mawe yaliyogandwa na kutu ya rangi ya chungwa. Mtu angedhani kutu hiyo imetulia tuli.

Mwaka 1988 Diane McKnight na wenzake wawili walionyesha katika jarida la Science kwamba haitulii. Jua likiwaka, mwanga hurudisha sehemu ya kutu kuwa chuma chenye valensi mbili, kinachoyeyuka majini. Mchana kiasi chake hupanda, usiku hushuka.

Kazi ngumu, kusema kweli, ni ya mikono. Chuma hicho hubadilika kikigusa hewa, hivyo sampuli huchujwa papo hapo ukingoni na kutiwa asidi kabla ya safari ya maabara. Huko, ferozini, kemikali iliyotangazwa mwaka 1970, huigeuza sampuli kuwa ya zambarau; kadiri rangi inavyokolea, ndivyo chuma kilivyo kingi.

Basi ukipewa ripoti ya chuma cha mto kama huu, uliza kwanza maji yalichotwa saa ngapi.