Albert Ndele, gavana wa kwanza wa Banki ya Taifa: ni nani?

Katika soko za Masisi na Walikale, bei ya muhogo inasemwa kwa faranga, lakini mbuzi, ngombe na madini mara nyingi vinahesabiwa kwa dola. Kuelewa juu ya nini, lazima kurudia mwaka 1960.

Wakati wa uhuru, banki kuu ilikuwa bado mikononi mwa Wabelgiji. Mwezi wa tisa 1960, Kanali Mobutu aliweka pembeni serikali na kuunda baraza la makomiseri, wengi wao wakiwa vijana waliosoma universite. Justin Bomboko alikuwa rais wake, Albert Ndele makamu wake. Mwezi wa pili 1961 Banki ya Taifa ya Kongo iliundwa, na Ndele akawa gavana wake wa kwanza. Alibakia pale mpaka 1970.

Kazi ilikuwa nguvu. Nchi ilikuwa imepasuka, Katanga ikachapa faranga zake yenyewe. Serikali ya Léopoldville ilitumia pesa kuliko iliyoingiza, na pengo lilijazwa kwa kukopa kwa banki kuu, maana yake kuchapa noti. Kabla ya uhuru, dola moja ilikuwa faranga 50. Katika mageuzi ya tarehe 24 mwezi wa sita 1967, ilifika faranga 500.

Siku hiyo pesa mpya, zaire, ilizaliwa. Zaire moja ilikuwa faranga 1.000, ao dola mbili. Iligawanyika katika makuta 100. Kwa miaka michache ilishika vizuri. Mwaka 1970 Ndele alipewa wizara ya fedha, lakini hakukawia, akaondolewa mwaka uleule.

Baada yake ugonjwa ulirudi. Mwaka 1993, zaire milioni tatu zilibadilishwa kwa zaire mpya moja. Mwaka 1998, zaire mpya 100.000 zikawa faranga moja. Hesabu yake: faranga moja ya leo ilichukua nafasi ya zaire za kwanza miliari 300. Aliyeweka akiba ya zaire ndani ya sanduku alipoteza jasho lake lote.

Ndiyo sababu wazee wengi wanaamini dola, ao ngombe. Na Goma ilipochukuliwa na M23 mwezi wa kwanza 2025, banki zikafunga milango, wakaaji waliona tena kwamba pesa inategemea serikali na banki inayoisimamia, hata kama noti iko mfukoni.