Kisengerenyuma, Neno Moja

Mwongozo mmoja wa riwaya, ambao siutaji kwa kuwastahi walioupitisha, umezijaza kurasa zake "mbinu rejeshi" kila mwandishi anapotuchukua kwenye yaliyotangulia. Kisengerenyuma kimetajwa mara moja tu, tena ndani ya mabano, kama mgeni aliyewekewa kigoda nje ya mlango.

Tulichambue hilo rejeshi. Asili yake ni Kiarabu, raja'a, yaani kurudi, na Kiswahili kimelizalisha vizuri: rejea, marejeo, rejesha, marejesho. Lakini rejea na rejesha hazifanyi kazi moja. Anayerejea huenda mwenyewe. Anayerejesha hukipeleka kitu kwa mwenyewe. Aliyeazima jembe hulirejesha. Mwanachama wa kikoba hupeleka rejesho kila juma, na asipolipeleka hufuatwa nyumbani. Mtunzi wa riwaya anarejesha nini, na kwa nani? Yaliyopita hayaletwi kwa msomaji yakiwa yamefungwa kwenye bahasha. Msomaji ndiye anayepelekwa yaliko.

Isitoshe, neno hilo lilikwisha ajiriwa kwingine. Asubuhi mwanafunzi anafundishwa kwamba -cho- ya "kitabu kilichopotea" ni kirejeshi, jamaa ya ile o-rejeshi ya wanasarufi. Kipindi kinachofuata anaingia mwalimu wa fasihi na rejeshi yake, isiyohusiana na ya kwanza kwa lolote. Kisha tunashangaa majibu ya mtihani.

Na "mbinu" nayo inatafuta nini hapo? Taharuki ni mbinu, kinaya ni mbinu, jazanda ni mbinu, wala hakuna anayesema "mbinu taharuki". Istilahi inayojitaja ukoo kabla ya jina haijiamini.

Kisengerenyuma sikukibuni mimi, na hiyo ndiyo fahari yake. Ki- ya mwanzo ni ile ya namna ya kufanya jambo, ya kitoto na kiungwana; nyuma haihitaji mkalimani. Tazama sasa mwendo wenyewe. Anayerudi hugeuka, akakipa mgongo alichokuwa akikielekea. Anayekwenda kisengerenyuma hageuki: miguu inakwenda nyuma, uso umebaki mbele. Kinyumenyume kinakaribia maana hiyo, ila ndani yake mna kinyume, na kinyume hunukia ubishi.

Mwendo huo ndio tunaoukuta katika riwaya. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, Karama amesimamishwa barazani, mshtakiwa. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa zamani pande zote, hadi mbinguni na ardhini. Miguu ya hadithi inakwenda mbali sana nyuma, lakini uso wa Karama uko kwa wanaomhukumu, na msomaji hasahau hata mara moja kwamba kuna hukumu inayongojwa. Angegeuka kabisa, tungepata ngano sita na kesi ikatupotea. Miaka sitini na zaidi baadaye, Assumpta Matei anaifungua Chozi la Heri na Ridhaa akiwa kwenye magofu ya nyumba yake. Kumbukumbu zinamchukua hadi utotoni, majivu yakiwa bado mbele ya macho yake. Nioneshwe kilichorejeshwa hapo. Ridhaa hakurejeshewa kitu, na huo ndio msiba wake.

Wenzetu nao walihangaika. Jina la Kiingereza, flashback, lina mmweko ndani yake, maana lilitokea kwenye sinema, ambako picha ya zamani huweza kumulika ikatoweka. Linafaa filamu, lakini kesi ya siku kadhaa barazani si mmweko. Mfaransa Gérard Genette, katika maandishi yake ya mwaka 1972, aliyakwepa majina yaliyozoeleka akachota Kigiriki: analepse, kushika tena. Angalau yeye alishika. Sisi tumerejesha.

Niliwahi kulisemea neno kisengerenyuma mbele ya kamati moja ya istilahi. Mjumbe mmoja, msomi anayeheshimika na asiyechoka kujikumbusha hivyo, alisema ni refu na lina harufu ya wazee. Refu! Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameunga mkono istilahi yenye maneno matano, mawili kati yake yakiwa "ya". Kuhusu wazee, nilitaka kuuliza riwaya tumeipokea kutoka kwa vijana gani, lakini chai ilikuwa imefika. Muhtasari wa kikao haukuipa hoja yangu hata nusu mstari. Tangu hapo nimesikia hata pendekezo la "kisengerembele" kwa masimulizi yanayoruka kwenda wakati ujao. Kwenda mbele uso ukiwa mbele ni kutembea tu, waungwana.

Kwa anayetunga kisengerenyuma, kwa ufupi: ingia na "alikuwa amefika" mara moja au mbili, kisha ziachie -li- na -ka- ziendeshe masimulizi. Ukurasa mzima wa "alikuwa ame-" humchosha msomaji kabla hajafika huko nyuma.

Nanyi mnaohariri miongozo ya shule, toleo lijalo litoeni neno hili kwenye mabano. Liandikeni kisengerenyuma, herufi kumi na nne, bila nafasi katikati, na rejeshi muwaachie wanasarufi.